Matanga ya Raadi

Mwanangu tulimuua sebuleni, mchana kweupe, kwa maneno matupu, na aliyetoa wazo alikuwa mtu wa Chama tawala. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la chai. Sikulia siku ile na sijalia mpaka leo. Pale mtaani walisema machozi yangu yamekauka kwa uchungu, nami nikawaacha waseme. Naeleza sasa kwa sababu wote niliokuwa nawaogopea wameshakufa.

Nianze na jina, maana balaa liliingilia hapo. Kwetu Iraki mtu mzima haitwi jina lake. Anaitwa kwa mtoto wake wa kiume. Na usipojaliwa mtoto, watu hawakuachi hivi hivi, wanakubandika jina: wewe ni Mama Ghaibu na mumeo ni Baba Ghaibu, wazazi wa yule asiyekuwepo. Wanasema ni heshima, ni kukuombea, kwamba mtoto yuko njiani ila amechelewa. Heshima ya wapi! Kule Amara nilikozaliwa niliitwa Mama Ghaibu tangu ningali bibi harusi, hina haijafutika vizuri mikononi, mpaka mvi za kwanza zikachomoza. Muuza samaki ananipigia kelele sokoni, "Mama Ghaibu, leo nakukatia mkia au kichwa?" na soko zima linageuka kunitazama tumbo. Nilichukia. Wallahi nililichukia lile jina kuliko nilivyouchukia utasa wenyewe.

Kisha mume wangu, Chasibu, fundi wa mabehewa, akahamishiwa karakana ya reli Baghdad. Tukapewa nyumba kwenye kichochoro nyuma ya stesheni. Asubuhi ya kwanza jirani wa ukuta kwa ukuta akanigongea, akaniambia nisihangaike kutafuta mkate, tanuri lake lina moto, niende na unga wangu. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mikono imejaa alama za kuungua.

"Karibu, shoga. Mimi Mama Muayadi. Na wewe, mama nani?"

Usiniulize nililitoa wapi. Mdomo ulijisemea wenyewe.

"Mama Raadi."

"Mashallah! Yuko wapi, mbona sijamwona?"

"Amara, kwa bibi yake. Bibi hataki kumwachia."

"Mkubwa?"

Mwanawe Muayadi alikuwa pale chini anafinyanga donge la unga, kamasi puani. "Rika la huyu wako," nikasema.

"Basi watakuwa marafiki kama sisi," akasema Mama Muayadi, akanipa mkate wa kwanza uliotoka motoni. Nilirudi nyumbani nimeukumbatia, mwepesi kama msichana.

Jioni Chasibu aliporudi alikula, kisha akasema, "Kuna mtu hapo nje kaniamkia. Kasema, shikamoo Baba Raadi. Raadi ndiye nani?"

"Mwanao."

Akatafuna. "Ana umri gani?"

"Miaka sita."

"Anasoma?"

"Anasoma."

"Afadhali," akasema, akaniomba chumvi.

Ndivyo alivyokuwa Chasibu. Hakunigombeza, hakunicheka. Baada ya muda akawa hodari kunizidi, namsikia mlangoni akiwalalamikia wanaume wenzake kwamba watoto wa siku hizi wanamaliza viatu, na kwamba huyu wake hesabu hazimwingii kichwani. Mimi nikawa naenda Amara kila sikukuu kumwona mama mkwe, na wanawake wa kichochoro wananifungia peremende nimpelekee Raadi. Walinisuta pia. "Mwanamke gani wewe, unanyang'anywa mtoto na mama mkwe nawe umekaa tu? Ningekuwa mimi, ningemng'oa yule bibi nywele!" Nilicheka nao. Miaka ile ndiyo niliyoishi.

Vita na Iran vilipoanza hatukushtuka sana. Raadi alikuwa mdogo bado, na Muayadi pia, na kila mtu alisema vitakwisha kabla ya tende kuiva. Tende ziliiva na kuiva tena. Wavulana wakaanza kuota ndevu, na kila aliyeota ndevu alichukuliwa. Vitambaa vyeusi vikaanza kutundikwa ukutani, jina la marehemu limeandikwa kwa rangi ya manjano. Maiti zilikuja zimefungwa juu ya teksi, zimefunikwa bendera, na teksi ikipinda tu kuingia kichochoroni kila mwanamke alisimama pale alipo na kushika kifua mpaka aone imepita mlango wake.

Mlangoni kwangu nilijua haitasimama. Lakini nami nilishika kifua.

Ndugu Dhiyabu, mtu wa Chama wa mtaa wetu, alipita nyumba kwa nyumba kuuliza vijana wamefikia wapi. Alikuwa kijana mwenye masharubu makubwa kuliko uso. Kwangu alisimama kizingitini tu.

"Na Raadi je, mama?"

"Ameshaingia jeshini, alijiandikisha kule kule Amara. Yuko kusini."

"Heko, mama! Mwana wa pekee! Wenye mioyo kama yako ni wachache." Akaondoka ameridhika, nami nikafunga mlango nikaendelea kuchambua mchele.

Muayadi naye alienda. Siku anaaga nilimpa kopo la biskuti za tende, nikamwambia mbele ya mama yake, "Mwanangu, ukikutana na Raadi wangu huko, mpe." Nilisema vile ili nionekane mama. Basi aliporudi likizo ya kwanza, amekonda, macho yameingia ndani, alinijia moja kwa moja.

"Nilimpa, mama mdogo. Anakusalimu. Anasema tende zilikuwa kavu kidogo."

Nilimtazama, naye akanitazama bila kupepesa. Sikujua kama ananidhihaki au ananihurumia, na sijui mpaka leo. Mama yake alipiga vigelegele kwa furaha. Tangu hapo kila likizo Muayadi alileta habari za Raadi: Raadi amepata kikohozi, Raadi amejifunza kucheza dhumna, Raadi anakoroma. Mama Muayadi anajipiga mapaja kwa kicheko. Nami nilisikiliza, na usiku nikamsimulia Chasibu, naye akasema kukoroma kakutoa kwangu.

Kisha teksi ikapinda, ikasimama kwa Mama Muayadi.

Nilikuwa wa kwanza kumfikia. Nilimshika asijipige kichwa ukutani. Matanga yote nilikaa naye bega kwa bega, nimevaa nyeusi, namnywesha kahawa chungu kwa kijiko. Na siku moja nikamwambia, Mungu shahidi kwamba nilitaka kumtuliza tu, "Dada yangu, wangu yuko huko huko. Moto wako naujua." Alinitazama muda mrefu. Kisha akakisukuma kijiko pembeni.

Baada ya matanga hakuwa yule tena. Tukikutana mlangoni anapita. Nikimpa salamu anaitikia akitazama ukuta. Mara moja tu alisimama, mbele ya wanawake wote waliokuwa kwenye foleni ya gesi, akaniuliza, "Wako bado anazila biskuti?" Wanawake wakainamisha vichwa. Nikasema, "Anazila, alhamdulilahi." Ningesema nini?

Wiki chache baadaye Ndugu Dhiyabu alirudi, safari hii na vijana wawili wenye bunduki. Hakusimama kizingitini. Mmoja alipanda paani, akatazama ndani ya tangi la maji, mwingine akapindua godoro, akafungua kabati na kuchokoa nguo kwa mtutu. Chasibu alikuwa amekaa anakunywa chai.

"Raadi hajaja likizo hata mara moja," akasema Dhiyabu. "Tumepata habari ametoroka jeshi na mmemficha humu. Mnajua mtoro anafanywaje. Na anayemficha anakwenda naye. Baba Raadi, vaa viatu."

Chasibu akaweka kikombe chini, akaanza kuvaa viatu. Kamba haikuingia tunduni, akailamba ncha, akajaribu tena. Nilipoiona ile kamba niliogopa, niliogopa mpaka masikio yakaziba. Huyu alikuwa ndiye mtu wangu pekee duniani, na walikuwa wanakwenda kumnyonga kwa ajili ya mtoto wa mdomoni mwangu.

"Ndugu Dhiyabu," nikasema, "Raadi hayupo."

"Najua hayupo. Nauliza yuko wapi."

"Hayupo popote. Sijawahi kuzaa."

Akacheka. "Mama, nimesikia mengi, lakini kumkana mwana uliyemzaa!"

Nikaingia ndani, nikaleta hati zetu. Yangu, ya Chasibu. Mahali pa watoto hapakuwa na kitu. "Nenda Amara ukaulize," nikamwambia. "Muulize muuza samaki yeyote. Kule naitwa Mama Ghaibu."

Alisoma, akageuza, akasoma tena. Kisha akawatoa wale vijana nje, akafunga mlango, akakaa kwenye kiti chetu kama mtu aliyeishiwa damu. Akaomba maji. Masharubu yake yalilowa.

"Mama," akasema polepole, "mimi huyu nimeshamtaja."

"Umemtaja wapi?"

"Juu. Mkutano mkubwa. Walisema mitaa ya reli imejaa watoro. Nikasimama, nikasema kwangu hakuna hata mmoja, kwangu hata mwana wa pekee wa Chasibu fundi yuko Fao, mstari wa mbele. Raadi Chasibu! Wakapiga makofi. Mkubwa mwenyewe aliniuliza jina lako, mama, akasema upelekewe salamu."

"Ulimwona wapi wewe huyo Raadi?" Chasibu akauliza.

"Nimwone wapi! Wewe si unaitwa Baba Raadi? Mtaa mzima unakuita hivyo! Nikuombe cheti?"

"Wasio na watoto nao wana jina."

"Huitwa Ghaibu! Huitwa Ghaibu, mzee, hawajichagulii tu!" Sauti ilimpanda, kisha akakumbuka wale walioko nje, akaishusha. Akatutazama kwa zamu. Alikuwa mtoto tu, masikini, angeweza kuwa rika la kaka mkubwa wa Raadi. "Hapa hakuna njia. Huyu hawezi kuwa mtoro na hawezi kuwa hakuzaliwa. Lazima afe."

Ndipo nilipokuwa nimeshika sinia. Nakumbuka ubaridi wa bati vidoleni, basi.

"Afe Fao," akaendelea. "Fao wamekufa wengi hawajaokotwa. Maiti hakuna, hakuna wa kuuliza. Kule juu nitamalizana nako mwenyewe. Nyinyi fanyeni matanga, yaonekane." Akasimama, akavaa kofia. "Na nisikilizeni vizuri. Hili neno likitoka humu, hata kwa jirani, hata kwa mtu mmoja, litarudi kwangu. Na kabla sijaulizwa mimi, nitakuwa nimeshasema Chasibu ndiye aliyenidanganya. Shingo ya kwanza ni ya mumeo, mama."

"Kaburi je?" Chasibu akauliza.

"Hakuna mwili, kaburi la nini?"

Alipoondoka Chasibu alivua viatu, akavipanga ukutani, akaniambia, "Leo ningependa kulala mapema." Nikamtandikia.

Kitambaa cheusi alikileta Dhiyabu mwenyewe kesho yake, akapanda ngazi akakigongomea misumari. Raadi Chasibu, herufi kubwa, nzuri kuliko za wote mtaani. Nilisimama chini nikakisoma. Ilikuwa mara ya kwanza kuliona lile jina limeandikwa. Nilisubiri nihisi kitu. Hakikuja kitu.

Wanawake walijaa. Walikuja hata wa kutoka ng'ambo ya reli. Mama wa kuongoza kilio aliketi katikati, akaanza, na wenzangu wakajipiga vifua na mashavu, mdundo mmoja, sakafu inatikisika. Mimi nilikaa nimeegemea ukuta, mikono mapajani. Walininyunyizia maji ya waridi usoni. "Lia, Mama Raadi! Lia, usijiue!" Nilijaribu, wallahi. Nilifikiria mabaya yote niliyoyajua. Nilikuwa naona vikombe tu, nikihesabu kama vitatosha.

Kisha wakaanza kumkumbuka. Nikadhani nitaumbuka, maana nitasema nini? Hawakunihitaji. "Bamia alikuwa hazitaki," akasema mmoja, "mama yake alisema." "Mbwa aliwaogopa." "Alikuwa anakoroma, Muayadi alituambia, Mungu awarehemu wote wawili." Mwanamke mmoja wa nyumba ya kona akaapa alimwona mara moja kituo cha mabasi, mrefu, macho ya baba yake, akambebea mzigo. "Nikamuuliza, wewe mwana wa nani? Akasema, wa Mama Raadi!" Wakapiga yowe upya. Nilimtazama yule mwanamke. Alikuwa analia machozi ya kweli, na nikamwonea wivu.

Mama Muayadi alikuwa amekuja tangu siku ya kwanza. Alijirarua mashavu kwa ajili yangu mpaka yakatoka damu, akanipikia, akanifungia mlango watu walipozidi. Hakunitazama usoni. Siku ya kumaliza, wengine walipoondoka, alibaki kuosha vikombe. Mimi nilikuwa nafuta. Sebuleni Chasibu alikuwa ameketi na Ndugu Dhiyabu, aliyekuja kutoa pole ya mwisho, na nilisikia mume wangu akikohoa kile kikohozi chake cha tumbaku.

"Mama Raadi, nina neno."

"Sema."

"Mimi ndiye niliyemwambia Dhiyabu kwamba umemficha."

Nikaendelea kufuta kikombe.

"Wangu yuko mchangani na wako hata likizo haji," akasema. "Nikajiambia, basi yumo ndani. Yuko ukutani hapo, analala kwenye godoro, anakula, mama yake anamtazama anavyokula. Nilikuwa naweka sikio ukutani, shoga. Nilikuwa namsikia. Nilimchukia yule mtoto, nilimchukia kwa kupumua. Kumbe masikini yuko Fao." Maji ya bomba yaliendelea kumwagika, hakuyafunga. "Na si hilo tu. Kabla ya hapo nilipanda paani. Nikavua ushungi, nikafumua nywele, nikafungua kifua mbele ya Mungu, kama wanavyofanya wanaoapiza. Nikasema, Mola, umemchukua wangu, mchukue na wa kwake. Na amemchukua. Nimekuulia mwanao."

"Usiseme hivyo."

"Nimemuua! Na Muayadi alivyompenda! Kila likizo Raadi, Raadi. Nikikutana na Muayadi kesho akhera, akaniuliza rafiki yangu yuko wapi, nitamjibu nini?"

Alikuwa ananitazama sasa. Uso wake wote ulikuwa makovu mabichi, aliyojitia yeye kwa kucha zake. Neno la kumwokoa nilikuwa nalo. Hakuzaliwa. Neno moja tu, nalo lilikuwa kweli. Nilifungua mdomo. Sebuleni Chasibu akakohoa tena, na Dhiyabu akamwambia kitu, na Chasibu akajibu, "Ndiyo, alikuwa mtoto mtiifu."

"Nimekusamehe," nikamwambia Mama Muayadi.

Akaikamata mikono yangu yote miwili, akaibusu, mapovu ya sabuni yakamjaa midomoni. Nilisimama pale nikamwacha abusu. Sikuhisi aibu, wala huruma, wala chochote. Nilikuwa nasubiri amalize.

Aliweka nadhiri ya kufunga saumu kwa ajili ya Raadi. Si Ramadhani, wala si siku za sunna. Kila siku, mpaka magharibi, mwezi baada ya mwezi, lile joto lote la Baghdad. Yule mwanamke mnene niliyemkuta kwenye tanuri akawa baibui linalotembea peke yake. Wanawe wengine walinijia. "Mama mdogo, zungumza naye, wewe ndiye atakayekusikia." Daktari alimkataza, akamfukuza daktari. Akasema deni la damu halilipwi kwa dawa.

Siku moja mwezi wa Agosti alianguka mlangoni kwangu. Nilimburuta ndani, nikamlaza chini ya feni, nikamletea maji. Akabana meno. Nikamwambia kunywa, akatikisa kichwa. Midomo yake ilikuwa imepasuka, ulimi umevimba, macho yamegeuka meupe. Chasibu alikuwa kazini. Tulikuwa wawili tu, na bado sikuthubutu.

"Raadi amekusamehe," nikamwambia. "Amesema ufungue."

Akafumbua macho. "Umejuaje wewe?"

"Nitakosaje kujua! Mimi si ndiye mama yake?"

Akanitazama. Kisha akafungua mdomo, nikammiminia maji kidogo kidogo mpaka kikombe kikaisha.